Umerudi Msikitini, au Umeanza Dozi?

Ilikuwa kipaimara cha mtoto wa jirani, ukumbini Mwanga, hapa Kigoma, spika zimefunguliwa mpaka glasi zinacheza mezani. Mhudumu akaja na trei, akaniwekea bia bila kuniuliza. Ilikuwa ile ile ya siku zote, ya baridi, na kifungulio juu yake. Ananifahamu. Nikamrudishia, nikamwomba soda.

Rafiki yangu wa siku nyingi, mtu ambaye tumebebana hadi sijui nani anamdai mwenzake, alinitazama kwa muda. Kisha akauliza kwa sauti ya kushindana na spika:

"Hebu tuambie, bwana. Umerudi msikitini, au umeanza dozi?"

Meza nzima ikacheka. Nami nikacheka.

Sikumjibu. Swali lenyewe nimelala nalo na kuamka nalo kwa wiki kadhaa, na ndilo lililonikalisha hapa niandike.

Hakuwa na nia mbaya. Aliuliza tu kile ambacho Kigoma nzima ingeuliza. Kwetu mwanaume akiweka glasi chini, maelezo ni mawili: ama dini imempata, ama daktari. Kuna wanaoacha kwa sababu hizo, na nawaheshimu. Mimi nimetokea kwingine, kwenye darasa la watoto lenye madawati mafupi, na sikuona namna ya kulieleza hilo darasa juu ya meza yenye kreti mbili za bia na wimbo wa harusi.

Aibu ilikuwa upande wa pili

Habari za nilivyokunywa nitaziruka. Kama umeishi na mlevi unazijua, na kama ni wewe mwenyewe unazijua kuliko nitakavyoziandika.

Ninachotaka kukaa nacho ni hiki: nilipokuwa nakunywa sikujificha. Nimelala barazani kwa watu Ujiji, kwenye mtaa niliosomea madrasa, na wazee wakielekea swala ya alfajiri wakanipita. Mchana wake niliwaamkia "shikamoo" na wakaniitikia "marahaba" kana kwamba hakuna kilichotokea.

Lakini siku niliyokwenda kutafuta msaada wa kuacha, nilitembea kama mwizi.

Nilizunguka njia ya nyuma. Nilivaa kofia. Nilisimama dukani nikanunua vocha nisiyoihitaji, ili mtu niliyemwona kwa mbali apite kwanza.

Nimejiuliza sana kwa nini. Nadhani ni kwa sababu mlevi hana tena cha kupoteza machoni pa watu. Wameshamzoea, wana nafasi yake, hata utani wake wanao. Anayeacha ameweka kitu rehani mbele ya mtaa mzima. Akianguka kesho, wataanza upya kumcheka, na safari hii watakuwa na sababu mpya.

Na kwa sisi tuliokulia Ujiji kuna jingine. Tumefundishwa sitara. Kuna hadithi mashuhuri ya Mtume inayomwonya mtu aliyefanya uovu usiku, Mwenyezi Mungu akamsitiri, kisha asubuhi akaamka akautangaza mwenyewe. Sasa mimi nisikie kwamba kuna mahali watu wanakaa kwenye duara, mmoja mmoja anataja jina lake na kusema "mimi ni mlevi"? Moyo wangu ulikataa kabla miguu haijakataa.

Nilimpelekea mzee mmoja suala hili, mtu wa chuoni, nikijifanya namuulizia rafiki. Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakuniuliza huyo rafiki ni nani.

"Kumweleza mgonjwa mwenzako ili mpone wote si kujitangaza," alisema. "Kujitangaza ni kule kusimulia huku unacheka."

Nikakumbuka baa. Usiku ngapi tumekaa tukisimuliana nani aliangukia mtaroni na nani alimtukana mkwewe, tukipigana mabega kwa kicheko? Kumbe matangazo yalikuwa kule.

Hakuna kibao

Kupata kikundi Kigoma ni kazi. Ukiwa Dar es Salaam au Arusha utasikia mikutano ya AA (Alcoholics Anonymous), walevi wanaokutana kusaidiana kuacha. Zanzibar nako zipo zile nyumba za soba, wanakokaa watu wanaoacha ulevi, nyingi zilizoanza kwa ajili ya vijana wa heroini. Huku mwisho wa reli, ukisema unataka kuacha pombe utaonyeshwa mchungaji, sheikh au mganga, kutegemea uliyemuuliza.

Nilijaribu mikutano ya mtandaoni kwanza. Ni mizuri, na kuna watu imewashika. Mimi bando lilikata katikati ya simulizi ya mtu fulani wa Nairobi, pale pale alipofika kwa mama yake, na mpaka leo sijui mama alimwambia nini.

Wakati mwingine nilitegemea serikali inisaidie kuacha. Usicheke. Viroba vilipopigwa marufuku tarehe 1 Machi 2017, nilijiambia basi, jaribu limeondolewa. Haukupita muda, pombe kali ikawa imerudi dukani kwenye vichupa vidogo vya plastiki, na gongo haikuwa imekwenda popote.

Aliyenisaidia ni muuguzi. Nilikwenda na tumbo, akaniuliza nakunywa kiasi gani, nikampunguzia, akaandika mara mbili ya nilichosema. Nilipomwambia nitaacha kesho yake asubuhi, alinizuia. Hili naliandika kwa kirefu kwa sababu watu wanakufa kwa kutolijua.

Mwili uliozoea pombe kila siku kwa miaka, ukinyimwa ghafla, unachachamaa. Saa chache tu baada ya glasi ya mwisho mikono inatetemeka, jasho linatoka, usingizi hauji. Ndani ya siku mbili za mwanzo mtu anaweza kupata degedege. Kati ya siku ya pili na ya nne wengine wanachanganyikiwa kabisa: wanaona wadudu ukutani, wanazungumza na watu wasiokuwepo, joto linapanda, moyo unakwenda mbio. Hiyo hali inaua. Hospitalini ina dawa. Wanatumia diazepamu kuutuliza mwili na vitamini B1 kuulinda ubongo. Nyumbani haina dawa.

Na kwetu inapelekwa nyumbani kwingine. Mvuvi mmoja ambaye sasa ninakaa naye dawati moja aliacha peke yake, kwa nia safi, na usiku wa tatu akaanza kupigana na samaki chumbani. Ndugu wakasema amerogwa na waliomwonea wivu nyavu zake. Alikaa kwa mganga mpaka akapoteza fahamu, ndipo shemeji yake mmoja akamtia kwenye bodaboda. Anasimulia hivi sasa na darasa linacheka, halafu linanyamaza.

Muuguzi hakuniruhusu niache bila kurudi kwake kila siku hiyo wiki ya kwanza. Mwishoni alinipa kikaratasi cha kufungia vidonge chenye namba ya simu. "Mpigie huyu. Yeye si daktari. Alikuwa anakunywa."

Nilipopiga, sauti iliniambia siku, saa baada ya alasiri, na darasa: nyuma ya jengo, mlango wa mwisho. Nikauliza kuna kibao? Akacheka. Nilielewa alichochekea baadaye. Nyumba ya gongo haina kibao pia, wala mgeni haingii mpaka awepo anayemjua. Nilikuwa nimeingia hivyo hivyo maisha yangu yote.

Darasa la pili

Ukutani kuna a e i o u, kila irabu na mchoro wake, ila mchoro wa herufi ya mwisho haupo, karatasi imechanika, kwa hiyo sijui mwalimu aliwachorea nini. Madawati ni ya watoto. Mtu mzima akikaa, magoti yanapanda mpaka kifuani, na mwanaume mnene anakaa upande. Mle ndani kunanuka dagaa, kwa kuwa nusu ya wanaohudhuria wanatoka mwaloni moja kwa moja. Kuna chupa ya chai ya tangawizi na mihogo ya kuchemsha kwenye beseni.

Niliangaza macho, nikamwona mwalimu aliyemfundisha mwanangu wa kwanza.

Mtu akikuambia "huku tunataja majina ya kwanza tu, hatujuani," anazungumzia mji mkubwa. Kigoma, ndani ya dakika tano nilikuwa nimeshawatambua watu wanne, na mmoja tuna udugu wa ndoa. Nikataka kuondoka. Mwalimu akasogea kwenye dawati, akaniachia nafasi. "Karibu, kaka." Basi.

Sikusema neno siku hiyo. Hakuna aliyenilazimisha.

Jumatatu nilikuwa kazini Kibirizi, naandika mizigo ya boti, mwalimu akaja na gunia la mchele la kupeleka kijijini. Tukasalimiana. Akaniuliza habari za mtoto, yuko kidato gani. Nilimtazama machoni nikitafuta kile kijicho cha "tunajuana," ule ushirika mdogo ambao watu wenye siri hushindwa kuuficha. Sikukiona. Alilipa, akachukua risiti, akaenda.

Hapo ndipo nilipoacha kuogopa.

Mji mzima ulijua mimi ni mlevi. Hilo halikuwa siri ya kufichwa na kikundi chochote. Nilichokuwa sina ni mahali pa kusema neno likabaki pale pale lilipotua. Nyumbani nikisema, linakuwa ahadi. Baa nikisema, linakuwa kichekesho. Kwa ndugu linakuwa kikao cha ukoo. Darasani nilikuja kusema mambo mazito kuliko yote, na kesho yake nikaulizwa mtoto yuko kidato gani.

Kwa sababu hiyo hiyo sitamtaja mtu humu, hata kwa jina la bandia. Huku jina la bandia halifichi: ukisema mvuvi wa Katonga mwenye jino la dhahabu, wameshamjua. Wote ninaowagusa niliwaomba ruhusa, na kuna niliyembadilishia kazi na mtaa. Alisoma, akacheka, akasema afadhali hiyo kazi mpya.

Mtu aliyetafuta mlevi

Kikundi hakina karatasi ya usajili wala katibu. Mwenye ile sauti ya simu alipitia nyumba ya soba Zanzibar, akarudi kwao akiwa na zile hatua 12 za AA kwenye daftari la kaunta, akaanza kukaa darasani na mtu mmoja. Wapo wanaosali Kikristo, wapo tunaosoma dua, na hatua zenyewe zinasema Mungu kama kila mtu anavyomwelewa. Nilitarajia mgongano. Haujatokea, mabishano makali niliyoyasikia yalihusu nani alimaliza mihogo.

Hadithi anayoipenda ni ya Akron, Ohio, Mei 1935. Anaisimulia kama vile Akron iko kabla ya kufika Kasulu. Bill Wilson, mtu wa biashara ya hisa kutoka New York, ameacha pombe miezi michache tu, dili limevunjika, yuko peke yake hotelini. Upande mmoja baa imechangamka. Upande mwingine kuna simu. Anapiga simu kwa mchungaji asiyemjua, anaunganishwa huku na huku, mpaka anafikishwa kwa daktari wa upasuaji, Robert Smith, aliyekuwa mlevi wa kutupwa. Daktari akakubali kumpa robo saa. Walikaa kama saa sita. Glasi ya mwisho ya yule daktari, tarehe 10 Juni 1935, ndiyo AA wanayoihesabu kuwa siku yao ya kuzaliwa.

Nimeisikia mara nyingi, na kinachonigusa ni kwamba Wilson hakupiga simu atafutiwe daktari wala mshauri. Alitaka mlevi mwingine wa kuzungumza naye, kwa sababu aliona akikaa kimya peke yake atakunywa. Anayesaidiwa ni anayesema kama anavyosaidiwa anayesikiliza. Mimi nilidhani nakwenda kupokea. Nilipoambiwa nimsindikize mgeni mpya mpaka kwa muuguzi, ndipo kwa mara ya kwanza nikapita mbele ya baa bila kuiona.

Nina mashaka yangu pia, siyafichi. Mwaka 2020 Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima tafiti za tiba, walichapisha uchambuzi wa tafiti 27 zenye watu zaidi ya 10,000. Kati ya walioelekezwa kwa utaratibu kuingia AA, asilimia 42 walikuwa wamekaa mwaka bila kunywa. Kwa tiba nyingine zilizolinganishwa, asilimia 35. Ni ushindi, na bado zaidi ya nusu hawakufika. Na wengi wa hao walikuwa Marekani, penye madaktari na mikutano ya kila siku. Darasani kwetu madawati hubaki wazi. Mwingine anarudi baada ya miezi, ananuka, anapewa chai. Mwingine tulimzika.

Mbalamwezi

Kitu kimoja hakimo kwenye daftari la mtu wa Zanzibar: mwezi.

Dagaa huvuliwa gizani, kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu taa haifui dafu, wavuvi wanabaki nchi kavu, na wana fedha za giza lililopita. Wiki hiyo vilabu vinajaa. Kikundi kiliposhika ratiba ya kila Jumapili, wavuvi walikosekana wiki wasizokuwa na shida kubwa, na wiki ya mbalamwezi, hatari ilipokuwa juu, tulikutana mara moja tu kama kawaida. Ni mama mmoja aliyeuliza kwa nini tunafuata kalenda ya ukutani. Sasa wiki ya mbalamwezi tunakutana karibu kila jioni, na wakati wa giza tunakuwa wachache, wa nchi kavu peke yetu, tukilalamika kwa nafasi.

Ziwa lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, yule wa samaki wa chumbani aliuita mwezi mpevu wa miezi mitatu. Fedha hazikuwepo safari hii, lakini gongo hukopeshwa.

Mama wa pipa

Huyo mama aliyeuliza habari za kalenda anapika gongo.

Alikunywa kwa miaka. Mpishi lazima aonje, na kuonja hakuna kipimo. Ameacha. Ila pipa hajaliacha. Ana wajukuu wanaosoma, hana shamba, na mtaji wa biashara nyingine ameutafuta bila kuupata. Siku alipolisema hilo darasani, mvuvi mmoja alisimama, sauti inatetemeka.

"Mama, nimenywa kwako. Usiku ule nilioanguka kwenye mtumbwi, nilitokea kwako."

"Najua, mwanangu. Nilikupimia mimi."

Kimya. Wengine walitaka atoke: atakuja hapa kusikia udhaifu wa wateja wake? Wengine wakasema tukimtoa yeye, tumtoe na mwenye duka, na karani wa boti anayeandika makreti ya bia (huyo ni mimi). Mwenye daftari akasoma ule msingi wa tatu wa AA: kinachotakiwa kwa mwanachama ni nia ya kuacha kunywa. Haikuandikwa kuacha kupika.

Alibaki. Yule mvuvi hakuja mbalamwezi nzima iliyofuata, kisha akarudi, akakaa mbali naye.

Sijui kama tulifanya haki. Nikimwangalia yeye naona tulifanya. Nikimwangalia mvuvi, siwezi kusema hivyo kwa sauti. Mama mwenyewe ananiambia huwa anakataa kuwauzia watu wa darasani, wanakwenda kwa jirani yake, na jirani anamshukuru kwa kumletea wateja.

Na mimi nakwenda wapi?

Hilo aliniuliza mke wangu, jioni moja nikivaa viatu. Miaka yote ya pombe yangu alikuwepo, akiwa mzima, akikumbuka kila kitu. Mimi nimepata darasa, yeye hajapata hata baraza.

Nikamweleza kwamba mwaka 1951 Lois, mke wa yule Bill Wilson, na mwenzake walianzisha Al-Anon, kwa ajili ya jamaa wa walevi. Akanisikiliza, akauliza iko wapi hapa Kigoma. Nikanyamaza.

Siku hizi, saa ile ile tunayokaa darasani, wao wanakaa kwa mke wa mwalimu: wake watatu, dada wa mvuvi mmoja, na binti wa yule mama wa pipa. Walianza bila kutuambia.

Juzi nilimuuliza huwa wanazungumza nini.

"Ya kwetu ni ya kwetu," akasema. "Ya kwenu niliwahi kuyauliza?"

Hakuwahi. Halafu akaniomba tuwaazime chupa yetu ya chai Jumapili hii, maana ya kwao kioo cha ndani kimepasuka.